Mlango wa Saa Saba

Hewa Bora, Lubumbashi
9 Juni 2025

Marceline mdogo wangu,

Barua huanza kwa mtu kusema yeye ni mzima na hofu ni kwa mwenzake tu. Safari hii nimegeuza. Wewe najua u mzima, maana Nono, aliyerudi juzi na samaki wake, alikuona soko la Kasomeno ukibishana bei ya mihogo. Hofu yote iko huku kwangu.

Utashangaa kupata karatasi. Simu ninayo, lakini imeunganishwa na kile kisanduku mlichokitundika sebuleni, nami sijui kisanduku kinasikia nini wala kinampelekea nani. Mume wangu Aruna alikuwa akisema kinasikia amri tu, washa taa, zima taa. Aruna hayupo wa kunihakikishia. Basi naandika kwa kalamu, na Nono atabeba barua zetu kila aendako huko kufuata samaki, chini ya beseni tupu, mahali ambapo hakuna mwanamume atakayetaka kupekua.

Leo ni siku ya hamsini na nane tangu nimzike mume wangu. Eda yangu bado siku sabini hivi. Sitoki, sijipambi, sipokei mwanamume asiye maharimu. Nashona nguo za watu, na binti yangu Najma anazipeleka. Kwa miaka yake saba anajua kudai kuliko mimi.

Sasa sikiliza. Kila siku, saa saba mchana na dakika chache, kitasa cha mlango wa mbele kinafunguka chenyewe. Kinalia “kla”, vile vile kilivyolia Aruna alipokuwa akirudi kula. Mlango unaachia upana wa kidole. Haingii mtu. Mimi ndiye ninayekwenda kuurudisha, na miguu yangu haitaki.

Mwanzoni nilisema ni umeme unachezacheza. Umeme ukakatika mtaa mzima siku tatu, na kitasa kikalia vile vile, maana kina betri zake. Nimesimama nyuma ya pazia nikatazama: naona baraza, naona ukuta wa ua, basi. Njia iko nyuma ya ukuta. Nilimtuma Najma achungulie getini, akarudi akasema, “Hakuna mutu, mama. Ni bantu tu benye kutoka ku musikiti.” Halafu akaingia jikoni, akatoa sahani ya baba yake, akaiweka mezani.

Marceline, wewe uliletwa na chuo chako, ukakaa kwenye benchi letu miezi minane na daftari lako, ukichora viduara: kampuni, mafundi, chuo, familia, nani anamtegemea nani, nani hamwamini nani. Uliniambia hao wanaitwa wadau, yaani kila mwenye mkono katika mradi wa nyumba erevu, hizi zenye taa na mlango vinavyojiendesha. Nijibu jambo moja tu. Katika mikono yote hiyo, ni upi unaoweza kufungua mlango wangu?

Dada yako,
Kulthumu, mama Najma


Kasomeno
15 Juni 2025

Yaya Kulthumu, dada yangu mkubwa,

Barua yako imefika ikinuka samaki, nami nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Pole sana. Nakujibu upesi kwa sababu nadhani jibu ninalo, na si la kutisha.

Kampuni, pale ofisini kwao katikati ya mji, wanaona mlango ukifunguka lakini hawawezi kuufungua. Ariel, yule injinia mrefu aliyekula pilipili yako akalia, ameniapia. Shemeji yako Aboubakar ndiye aliyetia sahihi kama mwenye nyumba, kwa kuwa ni kaka mkubwa wa Aruna, na baada ya msiba amekaa mkutanoni kwenye kiti cha Aruna. Yeye naye anapata taarifa tu. Sisi wa chuo hatuna ufunguo, tuna maswali.

Inabaki simu ya Aruna. Unakumbuka alivyokuwa akirudi mikono imejaa nyaya na ngazi? Aliipanga simu yake ili ikifika kama hatua kumi na tano kutoka mlangoni, kitasa kimfungukie bila kugusa kitu. Haihitaji kadi wala mtandao, inatosha iwe imewashwa. Ninazo kumbukumbu za kisanduku hapa mezani. Zinasema: Aruna, saa saba na dakika nne. Aruna, saa saba na dakika sita. Kila siku ni yeye.

Nisamehe, yaya, ila nilidhani ni wewe. Nilidhani simu yake unayo, na mchana, saa yake ya kula, unaiwasha usikilize sauti yake. Niliona ni huzuni, nikaona aibu kukuuliza. Kama ndivyo, izime tu, na mlango utanyamaza.

Jumatano tarehe 18 wadau wote wanakutana mjini. Sitafika, barabara ni mbaya na huku tunapima nyumba za awamu ya pili. Ariel atasoma jedwali langu. Ni tarakimu tu.

Mdogo wako,
Marceline


Hewa Bora
22 Juni 2025

Marceline,

Simu ya Aruna sina. Soma tena: sina.

Siku ya pili ya msiba nilitoa kadi yake, kwa sababu wateja wasio na habari walikuwa wakipiga wakimtaka aje kutengeneza taa, nami nilichoka kuwaambia. Simu yenyewe niliirudisha mfukoni mwa koti lake la kahawia. Siku ya tatu Aboubakar alikusanya vitu vya marehemu avigawe kama ilivyo desturi. Tangu hapo sijaiona, na muda wote huu nimeamini anayo yeye.

Kwa hiyo barua yako haikunituliza. Kabla yake niliogopa mlango mbovu. Sasa najua kuna mtu mwenye mwili na miguu anayefika hatua kumi na tano kutoka kwetu kila mchana, ana ufunguo, na haingii. Anasubiri nini? Nimeburuta cherehani nimeiegemeza mlangoni. Ninashona nimeupa mlango uso, sindano imenichoma mara mbili.

Na sasa jingine. Ijumaa Aboubakar alikuja na baba zake wadogo wawili. Wao walikaa barazani, mimi nyuma ya pazia. Alikuwa na karatasi mkononi.

“Shemeji,” akasema, “apa ku karatasi banaandika kama mulango inafunguka kila siku saa saba. Aruna iko mu kaburi. Njo nani iko anaingia?”

Nikamwambia haingii mtu.

“Na kamera ya ku geti, nani aliifunika?”

Ni mimi. Niliifunika kwa kitambaa cheusi siku ile ile ya tatu. Ariel na wenzake ni wanaume, na mjane aliye katika eda hatazamwi na wanaume wa ofisini. Nilidhani ninalinda heshima ya ndugu yake. Nilipomweleza hivyo alicheka kidogo tu.

Alisema ukoo utakaa. Kama eda imevunjwa, mimi nitarudi kwa watu wangu, na nyumba pamoja na mtoto vitabaki kwa watu wa Aruna. Alilisema la mtoto mwisho, taratibu, kama mtu anayeongeza chumvi. Baba zake wadogo waliinuka naye. Walipokuwa wakitoka nilisikia mmoja akinong'ona kwamba lisemwalo lipo.

Karatasi ile, Marceline, ilikuwa na jina lako chini.

Kulthumu


Kasomeno
29 Juni 2025

Yaya,

Nimekosa. Sitaki kuizungusha. Katika safu ya mwisho ya jedwali niliandika: mtumiaji, mke wa marehemu, mara moja kwa siku. Niliogopa kampuni wakiona nyumba haitumiki wataiondoa kwenye mradi, waje wang'oe vitu vyao mbele yako ukiwa bado unalia. Nilitaka ionekane hai. Sikukuuliza. Mimi, ambaye kazi yangu yote ni kuuliza.

Nimejaribu kurekebisha. Nilimwomba Ariel afute jina la Aruna kwenye kitasa. Akasema ni kazi ya dakika moja, ila lazima mwenye nyumba atie sahihi, na mwenye nyumba kwenye karatasi ni Aboubakar. Nikampigia. Akanijibu, “Ule mulango muache vile. Tutaona nani iko anaingia.” Nikamuuliza simu ya ndugu yake iko wapi. Akaapa kwa Mungu kwamba unayo wewe, na sauti yake haikuwa ya mwongo. Hilo ndilo linalonitisha. Wewe unasema iko kwake, yeye anasema iko kwako, na wote wawili nawaamini.

Yaya, sasa ninauliza nililopaswa kuuliza zamani, nawe utanichukia. Kamera imefunikwa. Mlango unafunguka saa ile ile. Kama kuna mtu, yeyote, hata kwa jambo jema, niambie mimi kwanza kabla hawajasikia wao. Sitakuhukumu.

Nimepekua kumbukumbu tangu mwezi wa tano, labda zitasaidia. Kuna siku nne ambazo mlango haukufunguka kabisa: tarehe 6 Mei, 23 Mei, 14 Juni na 25 Juni. Sioni zinafanana wapi. Si siku moja ya juma, si siku za umeme kukatika. Wewe unaona kitu?

Marceline


Hewa Bora
6 Julai 2025

Marceline,

Hakuna mtu. Sitaliandika mara ya pili. Umekula bukari na sombe mezani pangu, umelala kwenye mkeka wa Najma siku za mvua, na bado umeniuliza. Nimeichoma barua yako kwenye makaa ya mbabula, nikabakiza kipande chenye tarehe.

Zile tarehe. Niliziweka mezani nikaendelea kushona, na kwenye upindo wa gauni la tatu nikasimamisha cherehani. Tarehe 6 Mei alizikwa mwalimu wa madrasa. Tarehe 23, yule mzee muuza kahawa. Tarehe 14 Juni, kijana aliyegongwa na lori. Tarehe 25, baba yake jirani yetu wa nyuma. Najua kwa sababu msikiti hutangaza misiba kwa kipaza sauti asubuhi, na mimi niliyefungiwa humu sina redio nyingine.

Umeelewa? Siku mtaa wetu unapozika, mlango haulii. Siku hakuna anayezikwa, unalia. Kana kwamba huko Aruna aliko wanampokea mgeni, hapati nafasi ya kuja.

Nimesoma dini, Marceline. Najua wafu hawarudi kula. Nimejiambia hivyo kwa sauti, nimesoma nilichojifunza kusoma, na bado saa sita na nusu ikifika mgongo wangu unakuwa baridi, na si kwa sababu ya huu ubaridi wa Julai. Naogopa kama mlango utalia. Ukichelewa, naogopa nani amekufa.

Najma haogopi. Hilo linanitisha kuliko yote. Ananawa mikono, anaweka sahani, anakaa. Jana aliona cherehani mlangoni akanikaripia: “Mama, tosha ile mashini, papa atashindwa kupita.”

Nilimpiga kofi. Sijawahi kumpiga. Kisha nikaisogeza cherehani.

Kulthumu


Kasomeno
13 Julai 2025

Yaya,

Nono yuko mlangoni, ana haraka. Kikao cha ukoo kimeharakishwa. Ni Jumapili ijayo, tarehe 20, nyumbani kwako, saa sita. Aboubakar anataka nije na karatasi zote nizisome mbele ya wazee. Amesema nisipokuja hatatia sahihi ya awamu ya pili, na bila sahihi yake mradi unafungwa, nami na wenzangu wanne huku tunarudi nyumbani mikono mitupu.

Nimemwambia nitakuja. Sikumwambia nitasema nini, kwa sababu sijui. Karatasi zangu zinasema jina la Aruna kila siku, na kila nikizisoma zinakuhukumu wewe. Nimekaa nazo usiku na mchana, hazibadiliki.

Ulikuwa na haki ya kuichoma barua yangu. Usiichome hii kabla ya kukariri tarehe.

Marceline


Hewa Bora
16 Julai 2025

Marceline mdogo wangu,

Nono hakupaswa kwenda wiki hii. Nimempigia magoti. Isome upesi.

Tarehe 2 Juni alikufa mama mmoja wa upande wa soko, msikiti ukatangaza, watu wakazika. Siku ile mlango wangu ulilia. Ninakumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshika sanda ambayo nilimshonea kwa hisani, nikaidondosha. Nenda kwenye karatasi zako uthibitishe. Kama nimesema kweli, basi mlango hauogopi msiba. Unakosa kulia wanapokufa wanaume tu, na wale wanne wote walikuwa wanaume.

Nikajiuliza: nani mtaani ana kazi tangu asubuhi anapokufa mwanamume, na siku nyingine zote anapita hapa akitoka sala ya adhuhuri? Jibu likaja nikiwa napuliza makaa, nikakaa chini kwenye vumbi.

Bilal, mshona viatu. Ndiye anayeosha maiti za wanaume. Ndiye aliyemwosha Aruna.

Na sasa nikueleze desturi yetu, maana wewe ni mtoto wa kanisani. Mwosha maiti halipwi. Anapewa nguo ya marehemu, ile aliyoivaa sana, iwe sadaka na ukumbusho. Bilal alipewa koti la kahawia, na aliyelifunga kwenye kitambaa akamkabidhi ni Aboubakar. Mimi nilidhani Aboubakar ametoa simu mfukoni akaiweka. Yeye alidhani nimeitoa mimi. Hakuna aliyetia mkono mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, nasi tulikitoa nje na nguo yenyewe.

Ungedhani ningelala usingizi sasa. Silali. Fikiria vizuri, Marceline. Bilal ni mjane mwenzangu, mkewe alikufa miaka miwili iliyopita, ana nguvu zake na anaheshimika. Anavaa koti la mume wangu, ana simu ya mume wangu, na mlango wangu unamfungukia kila mchana. Nikilitaja jina lake Jumapili, nitakuwa nimewapa mwanamume waliyekuwa wakimtafuta. Nisipolitaja, Najma anaondoka na kikapu cha nguo zake.

Siwezi kumwita. Akikanyaga baraza hii nimekwisha. Siwezi kumwandikia, karatasi hiyo ikikamatwa ni barua ya mapenzi. Wewe unaweza kumwendea kwenye kibanda chake na daftari lako, mbele ya watu, ukamuuliza kama unavyowauliza wadau wako wote. Safari hii, tafadhali, uliza kabla ya kuandika.

Kulthumu


Kasomeno
24 Julai 2025

Yaya wangu,

Tuliagana kwa neno moja tu kupitia pazia, na gari la Nono halikunisubiri. Ulisikia sauti, hukuona nyuso. Acha nikuandikie ulichokosa.

Jumamosi nilimkuta Bilal akigonga soli. Kuhusu tarehe 2 Juni ulikuwa umesema kweli, nilikuwa na karatasi mkononi. Nilimuuliza kama anayo simu. Akaitoa kwenye koti bila wasiwasi. Alisema aliikuta mfukoni nyumbani kwake, akafikiri familia imempa kusudi, na kwa kuwa haikuwa na kadi alikuwa akisikiliza mawaidha ambayo marehemu aliyahifadhi humo. Anaiwasha akitoka msikitini, anaizima akifika kibandani. Nilipomweleza inachofanya akipita kwenye ukuta wako, nyundo ilimtoka. “Miye niko naogopesha mujane wa Aruna? Miye nilimuosha na hii mikono!” Alitaka kuipiga simu kwa nyundo pale pale. Nikamshika mkono, mbele ya watu wote. Nikamwomba kesho apite kama siku zote.

Jumapili nilifunga kitambaa kichwani, nikakaa kati ya wale wazee. Ulinisikia nikisoma. Nilisoma kila siku na kila saa, kama Aboubakar alivyotaka, kwa sababu nilihitaji wachoke. Nikaongeza kwamba ile safu ya mwisho niliitunga mimi bila kumuuliza mtu. Aboubakar akaniangalia kama mtu aliyeumwa na kuku wake mwenyewe.

Ndipo kitasa kikalia. Wazee wote waligeuka, na yule baba mdogo mwenye fimbo alianza kutamka shahada. Nikawaambia wafungue geti. Bilal alikuwa njiani, koti mwilini, simu mkononi ikisoma mawaidha.

“Njo yeye!” Aboubakar akapiga kelele, akimnyooshea kidole. “Mumeona? Njo yeye!”

Yaya, kwa muda ule nilijua umenionya vizuri. Niliona nyuso zao zikijifunga moja baada ya moja. Bilal hakupandisha sauti. Alivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye ngazi ya baraza. Akauliza, “Hii koti, nani alinipa?”

Akauliza tena. Ni baba mdogo wa fimbo aliyesema mwishowe, akimtazama Aboubakar: “Ni weye ulimupa. Siku ya tatu, mbele yetu bote. Na hukuangaria mu mufuko.”

Nikamwomba Aboubakar aichukue simu atembee nayo kutoka njiani hadi mlangoni. Alikataa. Wazee wakamwamuru. Alikwenda hadi njiani, akarudi kwa hatua ndogondogo, na nilikuwa nimerudisha mlango kwa mkono wangu. Ukamfungukia. Ulisikia tu “kla”, lakini mimi nilimwona uso. Alisimama pale mbele ya mlango ulio wazi akiangalia ndani, kama mtu anayengoja ndugu yake atoke amuulize amefuata nini. Hakuingia.

Niliwaonyesha wazee kumbukumbu mpya kwenye simu yangu: Aruna, saa saba na dakika arobaini na moja. Mlango ule haujui mtu, unajua simu. Mengine uliyasikia mwenyewe: eda haijavunjwa, nyumba ni ya mama na mtoto, na Aboubakar atatia sahihi ili Ariel afute jina.

Katika viduara vyangu vyote, yaya, nilimweka mwenye sahihi, mwenye waya na mwenye tarakimu. Anayekaa ndani sikumpa hata nukta. Naanza kuchora upya.

Nisamehe, kama unaweza, na kama huwezi bado, sema tu.

Marceline


Hewa Bora
20 Agosti 2025

Marceline mdogo wangu,

Eda imekwisha juzi. Nimeoga, nimevaa gauni la bluu nililojishonea kwa siri, nimetoka mpaka sokoni na kurudi na vumbi miguuni kama mtu mwenye mali. Wanawake walinishika mikono. Aboubakar nilimwona mbali, akavuka njia. Bilal alinisalimia akiwa ameinamisha kichwa, na koti halikuwa mwilini mwake.

Nimekusamehe. Haikutokea siku moja. Ilitokea nilipokuwa nikisimulia kikao kile kwa jirani, nikajikuta nakusifu.

Ariel alikuja na mwenzake jana. Jina la Aruna limefutwa. Alinieleza kwa adabu kwamba kitasa sasa ni salama kabisa, kitanifungukia mimi peke yangu, na akaniomba nibaki katika mradi. Nilimwambia abakize taa, taa hazijanikosea. Kitasa nikamwomba akitoe. Mahali pake nimeweka kile cha chuma ambacho Aruna alikiondoa siku alipoweka cha kwenu. Alikihifadhi chini ya kitanda kwenye gazeti, kimepakwa mafuta. Ufunguo wake ni mkubwa kama kijiko. Nimeuvaa shingoni, na jana nililala usingizi mzima kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne.

Leo mchana nilikuwa nashona. Saa saba ikafika. Nilijikuta nimesimamisha gurudumu la cherehani, nimeinua kichwa, nasikiliza. Ikapita dakika ya nne, ya sita, ya kumi. Watu wakatoka msikitini wakapita wakiongea. Mlango haukulia. Miezi yote ile niliomba ninyamazishiwe sauti hiyo, Marceline, na iliponyamaza nikalia kama siku ya mazishi.

Najma alikuwa mezani. Alikuwa amenawa mikono, ameweka sahani. Alitazama mlango, akatazama ufunguo kifuani mwangu, akateremka kitini akaja akaushika.

“Mama,” akasema, “sasa papa atafungula na nini?”

Nakuandikia barua hii na sahani bado iko mezani. Wewe unayejua kuuliza, ukipata jibu la swali hilo, mpe Nono aniletee.

Dada yako,
Kulthumu, mama Najma